Chupa, miti, vihisi, data, upepo au mwigo? Kuchagua warsha ya tabianchi itakayowaonyesha wanafunzi kazi za sayansi

Warsha nyingi za tabianchi shuleni huishia kwenye bango. Wanafunzi husikiliza mada, huonyeshwa barafu inayomomonyoka, huchora dunia inayotoka jasho, hupiga picha ya pamoja, basi. Wanaondoka wakijua kwamba dunia inapata joto, jambo ambalo wengi wao walishalisikia zamani. Kwamba kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kulipima joto hilo, wengine kusafisha takwimu zake, wengine kusanifu mitambo ya kulipunguza, hilo halikuguswa hata kidogo.

Ikiwa unachotaka ni wanafunzi wa sekondari waone kazi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati zilivyo, chagua warsha kwa swali moja: je, mwanafunzi ataondoka na namba aliyoitoa kwa mikono yake, ambayo mwenzake anaweza kuipinga? Mabishano juu ya namba ndiyo kazi yenyewe. Hapa chini tunalinganisha aina sita za warsha kwa kundi la wanafunzi 30 hadi 40 na wasimamizi wawili au watatu.

Kwa mwenye haraka: una siku moja na huna vifaa, pima miti. Una klabu ya wiki sita, tengeneza vihisi. Una chumba cha kompyuta, fanya data. Jaribio la chupa liweke kando, na sababu yake inafuata.

Chupa mbili na taa

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linalopendwa kuliko yote. Chupa mbili za lita 1.5, vipimajoto viwili, taa moja. Chupa ya kwanza ina hewa ya kawaida, ya pili imejazwa hewa ukaa iliyotengenezwa kwa siki na bikaboneti ya sodiamu (gramu 5 za bikaboneti na mililita 75 za siki hutoa karibu lita 1.4 za gesi). Baada ya dakika 20 chupa ya pili inakuwa na joto zaidi kidogo, na darasa linapiga makofi.

Makofi hayo mara nyingi yanapigiwa sababu isiyo yenyewe. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi na kuchanganyika kwa wepesi, na joto linanaswa mahali pamoja. Wanafizikia walishaonyesha mwaka 2010 kwamba ukiweka argoni, gesi nayo nzito lakini isiyonyonya mionzi ya infraredi, unapata ongezeko la joto lilelile. Jibu ni sahihi, fizikia siyo. Ongeza hapo kwamba mchanganyiko wa siki na bikaboneti hupoa unapotoa gesi, kwamba chupa moja ikisogea sentimita mbili karibu na taa matokeo yanageuka, na kwamba taa za LED hazitoi joto la kutosha, na utaona kwa nini baadhi ya makundi hupata matokeo ya kinyume kisha huambiwa "mmekosea" bila maelezo. Hilo ni funzo baya kuhusu sayansi.

Kuna njia moja ya kulitumia vizuri: dakika 30 za mjadala. Simulia kwamba mwanasayansi Mmarekani Eunice Foote alianika mirija ya kioo juani mwaka 1856 na akaona ule wa hewa ukaa ukipata joto kuliko mingine na kuchelewa kupoa, kisha eleza kwamba kutenga mionzi ya joto na mwanga wa jua kulingoja kifaa cha mwanafizikia John Tyndall mwaka 1859. Waulize wanafunzi: ungefanya nini kujua ni uzito wa gesi au ni mionzi? Anayejibu "ningejaribu gesi nyingine nzito" ameshafikiri kama mtafiti.

Kupima kaboni ya miti

Hii ndiyo tunayoipendekeza mara nyingi zaidi, maana haitaki umeme, haitaki intaneti, na hesabu yake ina mitego ya kutosha kujaza siku nzima.

Kila kundi la wanafunzi wanne lipewe futi laini kama ya fundi cherehani, kamba iliyopimwa mita 20, kikokotoo chenye kitufe cha vipeo, na kifaa cha kupimia pembe kinachotengenezwa papo hapo: kipimapembe cha darasani, mrija wa soda uliogundishwa kwenye ukingo wake ulionyooka, na uzi wenye nati unaoning'inia kutoka katikati.

Kazi yenyewe iko hivi. Pima kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu kama pana mteremko, na zungusha futi hapo. Huo ni mzingo. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Kisha rudi nyuma mita 20, chungulia kilele kupitia mrija, mwenzako asome pembe. Urefu wa mti ni 20 mara tanjiti ya pembe, ongeza kimo cha macho yako. Pembe ya nyuzi 34 na macho yaliyo mita 1.5 juu ya ardhi vinakupa mti wa mita 15.

Kwa miti ya tropiki kuna mlinganyo uliochapishwa mwaka 2014 na unaotumika sana: uzito mkavu wa sehemu ya juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.0673 × (densiti ya mbao × kipenyo² × urefu) kwa kipeo cha 0.976. Densiti iwe katika gramu kwa sentimita ya ujazo, kipenyo kwa sentimita, urefu kwa mita. Nje ya tropiki tafuta mlinganyo wa jamii ya mti ulio nao. Chukua mti wenye kipenyo cha sentimita 30, urefu wa mita 15 na densiti 0.6: ndani ya mabano unapata 8,100, na mwisho wake karibu kilo 439. Zidisha kwa 0.47 kupata kaboni, kilo 206. Zidisha kwa 44 gawanya kwa 12 kupata hewa ukaa, takriban kilo 757.

Sasa mitego. Wa kwanza, na hautakosa kundi litakaloingia: kusahau kugawanya mzingo kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ukiingizwa kama kipenyo, mti uleule unatoa karibu kilo 4,100, uzito wa tembo. Usiwasahihishe. Andika majibu ya makundi yote ubaoni, waache waone mmoja amepata tani nne pale wenzake walipopata nusu tani, watafute wenyewe. Mtego wa pili ni kipimapembe: uzi unasoma 90 ukitazama usawa wa macho, kwa hiyo pembe ya kweli ni 90 kutoa kinachosomeka. Anayechukua 56 badala ya 34 anapata mti wa mita 31. Wa tatu ni wa umbo la mti. Shina lililogawanyika chini ya mita 1.3 hupimwa kama miti miwili, na mti wenye mizizi iliyotanuka ubavuni hupimwa juu ya mahali mizizi hiyo inapoishia, la sivyo umepima mizizi.

Sehemu yenye thamani kuliko zote ni makundi mawili kupima mti mmoja bila kuonyeshana. Watatofautiana. Waambie wabadilishe kipenyo kwa sentimita moja, kutoka 30 hadi 31, waone matokeo yanavyopanda karibu asilimia 7. Kisha wabadilishe urefu kutoka mita 15 hadi 16: tena karibu asilimia 7. Sentimita moja ya unene ina uzito sawa na mita nzima ya urefu. Mwanafunzi aliyeligundua hilo kwa kikokotoo chake anaelewa kwa nini mtaalamu wa misitu hung'ang'ania futi na kuwa mpole kwa kilele.

Kupanua kutoka mti mmoja kwenda eneo, chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 12.6. Hilo ni eneo la takriban mita za mraba 500. Zidisha kwa 20 kupata hekta. Hapa unaweza kufungua mlango wa kazi za mbali zaidi: kifaa cha GEDI, kilichorushwa mwaka 2018 hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, hupima urefu wa misitu kwa leza, lakini leza haijui kilo. Namba zake hugeuzwa kuwa kaboni kwa kutumia viwanja ambavyo mtu amevipima kwa futi, kama walivyofanya wao asubuhi.

Kutengeneza vihisi

Warsha hii ndiyo inayovuta wanafunzi wanaopenda kushika vitu, na ndiyo inayoharibika kirahisi zaidi. Kila kundi la watu wanne, wasizidi, linahitaji bodi ndogo ya kudhibiti (Arduino, ESP32 au micro:bit), kihisi cha joto na unyevu, na kwa uchache kihisi kimoja cha hewa ukaa kwa darasa zima.

Kihisi cha hewa ukaa kichague kwa uangalifu. Kuna vihisi vya bei nafuu vinavyotangazwa kuwa vinatoa "hewa ukaa sawia". Hivyo hupima mvuke wa kemikali nyingine hewani na kukisia. Mtu akipita na manukato namba inaruka. Unachotaka ni kinachotumia mwanga wa infraredi, kama MH-Z19 au SCD30. Ndani yake kuna taa ndogo, chumba cha hewa na kipokezi kinachosoma mwanga wa urefu wa wimbi la mikromita 4.26, mahali ambapo molekuli ya hewa ukaa hunyonya kwa nguvu. Yaani kihisi chenyewe ndicho jaribio ambalo chupa ilishindwa: gesi ikizidi, mwanga unaofika unapungua. Mkanda unaohusika zaidi na joto la dunia uko karibu na mikromita 15, lakini tabia ni ya molekuli ileile.

Shughuli nzuri kuliko zote haihitaji kwenda nje. Funga madirisha, weka kihisi katikati ya chumba, soma kila dakika. Kabla ya kuanza, wanafunzi wakadirie kwa hesabu: mtu aliyekaa hutoa takriban lita 18 za hewa ukaa kwa saa; watu 40 ni lita 720; chumba cha mita za ujazo 180 kina lita 180,000. Kingekuwa kimezibwa kabisa, hewa ukaa ingepanda kwa sehemu 4,000 kwa kila milioni ndani ya saa moja, au karibu 2,700 kwa kipindi cha dakika 40. Kipimo kitasoma chini ya hapo kwa sababu chumba kinavuja. Tofauti kati ya hesabu na kipimo ni kiasi cha hewa kinachoingia na kutoka, na kuna wahandisi wa majengo wanaoishi kwa hesabu hiyo. Vihisi vingi hukomea 2,000 au 5,000, kwa hiyo usiruhusu mtu akipulizie mdomo: pumzi ina karibu sehemu 40,000, kihisi kinagonga dari na kuchukua dakika kadhaa kurudi, na unyevu unabaki ndani.

Kinachoharibika, kwa mpangilio wa mara kinavyotokea. Waya ya USB ya kuchajia simu tu, isiyopitisha data: bodi inawaka lakini kompyuta haiioni, na saa nzima inapotea kulaumu programu. Dereva za bodi hazijawekwa kwenye kompyuta. Ziwekwe siku moja kabla, kila kompyuta ijaribiwe na bodi halisi. Waya ya kutuma imeunganishwa na ya kutuma badala ya kupokea. Kisha kuna kosa la kimyakimya: vihisi vingi vya hewa ukaa hujirekebisha vyenyewe kwa kudhani kwamba namba ya chini kabisa viliyoiona kwa siku moja au wiki ni hewa safi ya nje, 400. Kihisi kilichofungiwa ndani ya chumba usiku na mchana kitashusha namba zake taratibu bila kumwambia mtu. Izime tabia hiyo kwenye programu, au kitoe nje kwa saa moja hivi kila siku. (Hiyo 400 nayo imepitwa na wakati: hewa ya nje sasa iko juu ya 420.)

Kwa joto la nje, kihisi kikae mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi, ndani ya kivuli kinachopitisha hewa. Sahani nyeupe za plastiki sita au nane zilizopangwa juu kwa juu, zikiachana sentimita mbili na kutobolewa katikati isipokuwa ya juu, zinatosha. Waache kundi moja liweke kihisi juani bila sahani; tofauti ya nyuzi kadhaa itakayoonekana mchana ni kubwa kuliko ongezeko lote la joto la dunia tangu viwanda vianze, na hakuna hotuba inayoeleza umuhimu wa mafundi wa vituo vya hali ya hewa kuliko hiyo. Ukirekodi kila dakika 10 unapata vipimo 144 kwa siku. Ongeza saa ndogo yenye betri yake, maana umeme ukikatika bodi husahau tarehe na wiki nzima ya vipimo inajiandika kama siku ya kwanza.

Data zilizokwisha kupimwa

Hapa vifaa ni kompyuta moja kwa wanafunzi wawili na programu ya lahajedwali. Mafaili yapakuliwe mapema yawekwe kwenye flashi.

Faili la kwanza liwe la Mauna Loa, Hawaii, ambako Charles Keeling alianza kupima hewa ukaa Machi 1958. Wastani wa mwaka 1959 ulikuwa takriban sehemu 316 kwa kila milioni, wa 1969 takriban 325. Wa 2014 takriban 399, wa 2024 takriban 425. Mwanafunzi anatoa mwenyewe: chini ya sehemu moja kwa mwaka wakati ule, zaidi ya mbili na nusu sasa. Waambie wapitishe mstari ulionyooka kwenye data yote, kisha watoe mstari kwenye vipimo na kuchora mabaki. Mabaki yanajikunja kama bakuli: juu mwanzoni, chini katikati, juu mwishoni. Mstari umekataa, na wamejua hivyo kwa macho kabla ya kufundishwa jina la kipimo chochote cha takwimu. Juu ya mkunjo huo kuna mawimbi ya kila mwaka, kilele mwezi Mei na bonde Septemba, mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia ikivuta na kuachia.

Makosa ya hapa ni ya kuchosha, na ndiyo sababu yanafaa. Faili linaanza na mistari ya maelezo yenye alama ya reli (#), lahajedwali linaisoma kama data. Pasipo na kipimo pameandikwa namba hasi, ikachorwa kama kipimo halisi na grafu ikazama. Kwenye faili la NASA la joto la dunia miezi isiyokuwa na data ina nyota tatu, na namba zake si joto bali tofauti na wastani wa 1951 hadi 1980. Mwanafunzi asiyesoma maelezo atauliza kwa nini dunia ina nyuzi 1. Kompyuta iliyowekwa kusoma mkato kama nukta ya desimali itageuza 315.7 kuwa maandishi. Usisafishe faili kabla ya warsha. Mwezeshaji mwenye huruma anayesafisha kila kitu amewanyima wanafunzi sehemu kubwa ya kazi ya mchambuzi wa data.

Na kama kuna anayedhani kazi hii ni ya mezani tu, mwambie kuhusu Novemba 2022: volkano ya Mauna Loa ililipuka, barabara na umeme wa kituo vikakatika, vipimo vikahamishiwa kwa muda kwenye mlima jirani wa Mauna Kea. Kuna watu walibeba vyombo.

Mtambo mdogo wa upepo

Ina kelele, ina ushindani, wanafunzi huipenda. Feni ya mezani, mapanga ya kadibodi au plastiki nyembamba, kitovu cha kizibo, mota ndogo ya umeme mnyoofu, multimita, miwani ya kinga kwa sababu mapanga huchomoka.

Kosa la kwanza ni mota. Mota ya gari la kuchezea lililoandikwa volti 3 huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mapanga yako yanazunguka mia chache, kwa hiyo inatoa sehemu ndogo ya volti, na LED nyekundu inayotaka karibu volti 1.8 haiwaki. Weka gia, au tafuta mota ya mzunguko wa polepole kwenye printa iliyokufa. Kosa la pili ni kupima volteji bila mzigo. Kundi linatangaza ushindi kwa volti 2, kumbe ukiweka rezista ya omu 22 inashuka hadi kitu kidogo. Pima daima juu ya rezista, kisha nguvu ni volteji kipeo cha pili gawanya kwa omu: volti 1.2 juu ya omu 22 ni wati 0.065.

Linganisha na upepo uliokuwapo. Duara la mapanga lenye kipenyo cha sentimita 30 katika upepo wa mita 4 kwa sekunde linapitiwa na karibu wati 2.7. Mtambo wenu umekamata asilimia 2 na kitu. Ukomo wa nadharia ni asilimia 59.3. Basi mchana wote ni wa kujua zile zilizopotea ziko wapi: pembe ya mapanga, msuguano, mota, upepo wa feni unaojizungusha wenyewe. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, jambo ambalo makundi hayaliwezi bila kukumbushwa. Kazi zinazoonekana ni za uhandisi wa mitambo na wa umeme, zinaonekana wazi kabisa. Tabianchi yenyewe hapa iko mbali kidogo.

Mwigo wa kompyuta

En-ROADS, programu ya mwigo iliyotengenezwa na shirika la Climate Interactive pamoja na shule ya biashara ya MIT Sloan, ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari. Unasogeza vitelezi vya bei ya kaboni, makaa ya mawe, upandaji miti, na joto la mwaka 2100 linabadilika papo hapo. Mjadala huwa mkali, hasa pale wanafunzi wanapovuta kitelezi cha miti hadi mwisho na mstari unasogea kidogo tu. Ila wanachofanya ni kazi ya mtunga sera. Modeli yenyewe ni sanduku lililofungwa.

Tunapendelea kuitanguliza kwa modeli ya mstari mmoja kwenye lahajedwali. Jua linatupa wati 1,361 kwa mita ya mraba. Dunia inarudisha asilimia 30. Gawanya kwa 4 kwa kuwa mpira una eneo mara nne ya kivuli chake. Unabaki na wati 238. Gawanya kwa 5.67 × 10⁻⁸, namba isiyobadilika inayounganisha joto la kitu na mionzi yake, kisha toa kipeuo cha pili mara mbili: kelvini 255, yaani nyuzi 18 chini ya sifuri. Dunia halisi iko karibu nyuzi 15 juu. Nyuzi 33 zilizobaki ni kazi ya gesi za angahewa. Anayesahau kugawanya kwa 4 anapata nyuzi 87, na anajua palepale kwamba amekosea. Mwanasayansi wa tabianchi Syukuro Manabe alikuwa na modeli ya safu moja ya angahewa miaka ya 1960, na mwaka 2021 akagawana Nobeli ya fizikia.

| Warsha | Muda wa chini | Bila umeme? | Namba anayoondoka nayo | Kazi inayoonekana |
|---|---|---|---|---|
| Chupa | Dakika 40 | Juani tu | Nyuzi, zenye mashaka | Historia ya sayansi |
| Miti | Saa 4 | Ndiyo | Kilo za kaboni | Misitu, upimaji, satelaiti |
| Vihisi | Vipindi 4 hadi 6 | Hapana | Mfululizo wa vipimo | Elektroniki, hali ya hewa, programu |
| Data | Saa 3 | Hapana | Kasi ya mabadiliko | Takwimu, sayansi ya data |
| Upepo | Saa 3 | Feni inataka | Wati na ufanisi | Uhandisi |
| Mwigo | Saa 2 | Hapana | Nyuzi za 2100 | Modeli, sera |

Kuchanganya, na nusu saa ya kazi

Ukipata siku mbili, miti siku ya kwanza na data siku ya pili ni mchanganyiko unaoshikana, maana siku ya pili wanaingiza vipimo vyao wenyewe na kukuta uchafu waliouzalisha. Vihisi na upepo pamoja ni vifaa vingi mno kwa wasimamizi wawili. Mwigo usiuweke asubuhi. Wakishacheza na vitelezi, futi na kikokotoo vinaonekana vya kizamani.

Katika warsha yoyote, gawa kadi za majukumu: mpimaji, msomaji, mwandishi, mhakiki. Zibadilishwe kila dakika 20 kwa kengele. Bila hivyo waliozoea kushika vifaa watavishika hadi jioni, na mara nyingi wasichana ndio hubaki na kalamu.

Mgeni wa kuzungumzia kazi, kama atakuwepo, awe fundi au mchambuzi wa ngazi ya kati badala ya mkurugenzi, na aje baada ya wanafunzi kupata namba zao. Kabla hawajapata, hawana la kumuuliza. Mwombe alete kifaa anachokitumia na faili moja lililoharibika, azungumze dakika 10, kisha dakika 20 zilizobaki wanafunzi wamtafutie kosa ndani ya faili hilo. Masomo anayohitaji mtu kufika pale alipo ayaandike ubaoni, pamoja na njia ya cheti au stashahada kama ipo, kwa sababu mwanafunzi aliyependa kupima miti lakini hana alama za shahada anastahili kujua kwamba viwanja vingi vya misitu hupimwa na mafundi. Na kama mazungumzo yanakwama, swali hili huyafungua: wiki iliyopita ni kipimo gani kilikukatalia, na ulifanyaje?